Jinsi ya Kuitazama The Teahouse of the August Moon kwa Makini: Mwongozo Kamili

Filamu ya The Teahouse of the August Moon, iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1956 na kuongozwa na Daniel Mann, ni futuhi kuhusu jeshi lililoshinda vita na kijiji kinacholishinda jeshi hilo kwa adabu. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili, Kapteni Fisby wa jeshi la Marekani anatumwa katika kijiji cha Tobiki, kisiwani Okinawa, akiwa na amri ya kujenga shule na kuwafundisha wakazi demokrasia. Hadithi inapofika ukingoni, kijiji hakina shule, ila kina nyumba ya chai na mtambo wa pombe unaozilisha klabu za maofisa kisiwa kizima. Anayewaunganisha kapteni na wanakijiji, na wakati mwingine anayewatenganisha kwa makusudi, ni mkalimani aitwaye Sakini.

Wengi huitazama kwa sababu moja tu, kwamba Sakini anaigizwa na Marlon Brando, Mmarekani mweupe aliyepakwa vipodozi ili aonekane Mwasia. Wapo wanaocheka, wapo wanaochukia, na makundi yote mawili yana hoja, nami nitaifikia hoja hiyo mahali pake. Hata hivyo naona filamu hii humlipa zaidi mtazamaji anayeichukua kama hadithi ya ukalimani, kwa maana karibu kila kosa, kila faida na kila kicheko kilichomo hutoka katika ule mwanya ulioko kati ya alichosema mtu na alichotafsiriwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuitazama nyumbani kwa utulivu, na pia kwa mwalimu au mwendesha klabu ya filamu anayekusudia kuwaonyesha wenzake na kisha kuongoza mazungumzo. Tenga saa moja ya maandalizi, jioni moja ya kutazama, na jioni nyingine ya kurudia vipande vichache.

Hatua ya kwanza: kijue kisiwa kabla ya kukiona kwenye skrini

Usiiruke hatua hii, kwa sababu filamu yenyewe haitakusaidia. Okinawa ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika safu ya Ryukyu, inayotandaa baharini kati ya Kyushu na Taiwan. Kabla ya kuwa sehemu ya Japani kilikuwa kiini cha ufalme wa Ryukyu, ulioungana mwaka 1429 na kutajirika kwa biashara ya baharini, huku wafalme wake wakipeleka tunu za heshima China. Mwaka 1609 watawala wa Satsuma, kutoka kusini mwa Japani, waliuvamia, wakamwacha mfalme kwenye kiti chake lakini wakamshika mkono. Mwaka 1879 serikali ya Japani iliufuta ufalme huo na kuvifanya visiwa kuwa mkoa wake. Lugha za visiwa hivyo ni jamaa za Kijapani, ila mtu wa Tokyo hawezi kuzifuata kwa kusikiliza tu, na katika shule za mkoa mpya watoto waliadhibiwa kwa kuzisema.

Kisha ilikuja vita. Wamarekani walitua Okinawa tarehe 1 Aprili 1945, na mapigano yakaendelea hadi mwishoni mwa Juni. Zaidi ya askari 12,000 wa Marekani waliuawa, na kwa makadirio ya kawaida karibu robo ya raia wa kisiwa walikufa, wengine kwa mabomu, wengine kwa njaa na maradhi, na wengine kwa kulazimishwa kujiua wasishikwe na adui. Walionusurika waliwekwa kambini, na walipoachiliwa baadhi yao walikuta mashamba yao yamekuwa viwanja vya ndege. Wanakijiji wachangamfu utakaowaona Tobiki ni watu wa mwaka mmoja au miwili baada ya hayo, na filamu inapita juu ya jambo hilo kama mtu anayeruka dimbwi.

Kumbuka pia tofauti ambayo hata watazamaji wasomi huichanganya. Japani bara ilirudishiwa mamlaka yake tarehe 28 Aprili 1952, Mkataba wa San Francisco ulipoanza kutumika. Okinawa haikurudishwa. Kifungu cha tatu cha mkataba huo kiliiacha chini ya utawala wa Marekani, na ikabaki hivyo hadi tarehe 15 Mei 1972. Wakazi wake walitumia dola kuanzia 1958, na magari yao yaliendeshwa upande wa kulia wa barabara hadi tarehe 30 Julai 1978, miaka sita baada ya kurudi Japani, ambako magari hupita kushoto. Kwa hiyo filamu ilipotoka, ukaliaji unaochekwa ndani yake kama jambo lililopita ulikuwa bado unaendelea.

Hatua ya pili: fuata hadithi ilikotoka

Hadithi hii ilianza kama riwaya ya Vern Sneider, iliyochapishwa mwaka 1951. Sneider alikuwa amefanya kazi katika utawala wa kijeshi wa Marekani huko huko Okinawa, na ndiyo sababu mzaha wa makaratasi, simu na amri zisizotekelezeka una harufu ya ofisi halisi. John Patrick aliigeuza kuwa tamthilia iliyofunguliwa Broadway, mtaa wa majumba ya maigizo mjini New York, tarehe 15 Oktoba 1953, ikachezwa mara 1,027 na kupata Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1954. Patrick huyo huyo ndiye aliyeandika mswada wa filamu.

Nasaba hii ina matokeo kwa mtazamaji. Filamu imebaki na mwili wa jukwaa: maonyesho marefu, watu wanaoingia na kutoka kama kwa zamu, na mhusika anayeigeukia hadhira na kusema nayo. Ukiitazama ukitarajia mwendo wa filamu za leo, utachoka kabla ya nusu, na sitakuficha kwamba kwa dakika zake 123 hata mimi naona ingeweza kupunguzwa dakika ishirini bila kulia. Itazame kama unavyotazama igizo, masikio yakitangulia macho.

Jina nalo linahitaji maelezo. Agosti inayotajwa si ile ya kalenda ya ukutani. Kwa Kijapani hadithi hii huitwa kwa usiku wa kumi na tano wa mwezi wa nane wa mwandamo, usiku wa mbalamwezi ya majira ya kupukutika majani, ambao kwa kawaida huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na ambao watu wa Asia Mashariki huufanyia sherehe. Msomaji wa pwani, anayehesabu mifunguo na kumsifu mzuri kwa kumfananisha na mwezi wa kumi na nne, atalielewa jina hili haraka kuliko Mmarekani aliyelinunulia tiketi.

Hatua ya tatu: tafuta nakala isiyokatwa

Filamu ilipigwa kwa CinemaScope, mfumo wa picha pana ambayo upana wake unazidi mara mbili ya kimo. Nakala za zamani zilizotayarishwa kwa televisheni zilikata pembeni ili picha ijaze kioo cha mraba, na katika filamu hii hasara ni kubwa, kwa kuwa mara nyingi kapteni yuko upande mmoja, wanakijiji upande wa pili, na Sakini katikati akiwageukia kwa zamu. Ukikatwa upande mmoja umepoteza nusu ya mazungumzo. Kabla ya kuwakaribisha watu, fungua nakala yako na uangalie kama ina mistari myeusi juu na chini kwenye kioo cha kawaida. Ikiwa picha imejaa kioo chote cha mraba, tafuta nyingine.

Angalia na maandishi ya chini. Maneno ya Kiingereza yakiandikwa ni msaada mzuri, kwa sababu lafudhi aliyoitengeneza Brando si rahisi kuifuata, hasa kupitia spika za ukumbini. Lakini wanakijiji husema Kijapani kwa muda mrefu, na filamu iliwaacha waseme bila kutafsiriwa. Ukipata nakala ambayo mtu ameongeza tafsiri ya Kijapani hicho, izime kwa mara ya kwanza. Fisby haelewi hata neno, na ubora wa mzaha unategemea wewe kuwa gizani pamoja naye, ukimtegemea mtu mmoja ambaye huna njia ya kumhakiki.

Waliokulia kwenye vibanda umiza, ambako mtafsiri hukaa na kipaza sauti na kumimina Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, wana mtaji hapa. Wanajua kwamba mtafsiri anaweza kumpa shujaa maneno ambayo hakuyasema, na kwamba ukumbi ukishacheka hakuna anayedai asili.

Hatua ya nne: andaa daftari la safu tatu

Hiki ndicho kifaa kikuu cha mwongozo huu. Gawa ukurasa katika safu tatu. Ya kwanza ni ya kile afisa alichosema au alichotaka. Ya pili ni ya kile Sakini alichokitoa, kwa kadiri sauti, urefu wa maneno na nyuso za wasikilizaji zinavyokuonyesha. Ya tatu ni ya kile kilichotokea. Usijaribu kuandika kila kitu. Matukio sita au saba yanatosha, nami nitayataja kwa mpangilio. Kama mnatazama kwa kundi, mgawie kila mtu tukio moja, maana mwenye kazi moja huiona vizuri kuliko mwenye kazi zote.

Utakachogundua ukifika nusu ya filamu ni kwamba safu ya kwanza na ya tatu haziendani hata kidogo, na kila ukiuliza kosa liko wapi, safu ya pili ni tupu au imejaa heshima. Sakini hasemi uongo waziwazi. Hujibu alichoulizwa, kwa unyenyekevu, na kuacha jibu lenyewe likuongoze pabaya. Abunuwasi angemtambua kuwa ndugu.

Hatua ya tano: tazama mwanzo hadi kuwasili kijijini

Filamu inafunguka kwa Sakini kujitambulisha kwa hadhira na kuisimulia historia ya kisiwa chake kama orodha ya watu waliokishinda: maharamia wa Kichina, wamisionari wa Kiingereza, wababe wa vita wa Kijapani, na sasa wanamaji wa Marekani. Anahitimisha kwamba watu wa Okinawa wamebahatika sana, kwani wengine husafiri mbali kuutafuta ustaarabu, na wao wanaletewa nyumbani. Simamisha filamu hapo ikiwa unaongoza kundi, na uliza swali moja tu: kicheko hiki kinamlenga nani?

Baada ya majibu, waambie kwamba historia ya Sakini si ya kuaminiwa. China haikuiteka Ryukyu. Uhusiano wao, ulioanza mwaka 1372, ulikuwa wa kutumiana tunu na kufanya biashara. Mmisionari mashuhuri wa upande wa Uingereza alikuwa Bernard Jean Bettelheim, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyefika Naha, mji mkuu wa Okinawa, mwaka 1846 na kuondoka 1854 akiwa amewachosha wenyeji bila kumteka mtu yeyote. Kati ya wote waliotajwa, Wajapani na Wamarekani peke yao ndio waliokuja kwa jeshi na kubaki wakitawala. Iwe ni uzembe wa mwandishi au ujanja wa mhusika, orodha hiyo inawaweka wote kwenye mizani moja, na hilo ni jambo la kuandikwa daftarini.

Kisha tunaingia ofisini kwa Kanali Purdy, anayeigizwa na Paul Ford. Kwa maoni yangu huyu ndiye mwigizaji bora kuliko wote humu, akiwemo Brando. Nafasi hiyo ilikuwa ya Louis Calhern, aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo mwezi Mei 1956 huko Nara, Japani, upigaji picha ukiendelea. Ford, aliyekuwa amemwigiza Purdy jukwaani Broadway, aliitwa kuziba pengo, na unaona wazi kwamba anaufahamu kila mshipa wa mtu huyo. Purdy anaongoza kwa kitabu kiitwacho Mpango B, kinachoagiza shule ya kila kijiji ijengwe kwa umbo la pembe tano, kama makao makuu ya jeshi yaliyoko Virginia, na kina mama waundiwe jumuiya yao. Wakati fulani anasema kwamba wenyeji watajifunza demokrasia hata kama itambidi ampige risasi kila mmoja wao. Ford anayatamka maneno hayo bila kukonyeza, kama mtu anayesoma ratiba ya usafi, na ndiyo sababu yanachoma.

Safari ya jipu, yaani gari la kijeshi aina ya Jeep, ni tukio la kwanza la daftari. Fisby, anayeigizwa na Glenn Ford (hawana undugu na Paul), anataka kuondoka mara moja. Anakuta jipu limepakiwa bibi kizee, jamaa zake, watoto, mizigo na mbuzi, na kila akiuliza kwa nini fulani yumo, Sakini ana sababu ya adabu isiyopingika. Wengine wanashuka njiani, wengine wanapanda, na njia inajipinda kufuata shughuli za abiria hadi safari fupi inakuwa ya siku nyingi. Abiria wa daladala au matatu hahitaji kuelezwa. Lililo la kuandikwa ni kwamba amri ya jeshi imetekelezwa kikamilifu, kwani kapteni kweli amepelekwa Tobiki, ila kwa masharti ya wanaompeleka.

Hatua ya sita: msikilize Fisby akifundisha demokrasia, na Tobiki ikiitumia

Sehemu hii ndiyo yenye utajiri kuliko zote, kwa hiyo itazame mara mbili. Fisby anaitisha mkutano, anasoma Mpango B, anagawa vyeo na kuunda jumuiya ya wanawake. Wanakijiji wanamletea zawadi, na mmoja wao anamkabidhi geisha aitwaye Lotus Blossom, yaani ua la yungiyungi. Anayeigiza ni Machiko Kyō, aliyekwisha kujulikana duniani kwa filamu ya Kijapani Rashomon ya mwaka 1950. Karibu hana neno moja la Kiingereza katika filamu nzima, na anachekesha kwa mikono, mgongo na macho. Tazama jitihada yake ya kumvua kapteni sare ili amvishe joho la kupumzikia, na kapteni anavyokimbizwa chumbani mwake mwenyewe akidhani anakabiliwa na jambo jingine.

Hapo pana makosa mawili yanayogongana, na mtazamaji asiyetayarishwa huliona moja tu. La kwanza ni la Fisby, anayedhani geisha ni kahaba, hadi Sakini anapomweleza kwamba kazi yake ni kumliwaza mtu aliyechoka kwa nyimbo, ngoma, chai na sikio lililo tayari kusikiliza. La pili ni la filamu yenyewe. Geisha ni desturi ya Japani bara. Okinawa ilikuwa na wanawake wake wa tumbuizo, walioitwa juri, waliokaa mtaa wa Tsuji mjini Naha hadi mashambulizi ya ndege ya Oktoba 1944 yalipouteketeza, na maisha yao, yaliyochanganya sanaa na biashara ya mwili, wengi wao wakiwa wameuzwa na wazazi maskini wangali watoto, hayafanani na maelezo safi ya Sakini. Filamu inayomcheka kapteni kwa kutojua mila za wenyeji imewavisha wenyeji mila ya waliowatawala kabla yake. Haikupigwa hata Okinawa, bali Nara na katika studio za Hollywood, na Kijapani unachokisikia kwa sehemu kubwa si lugha ya kisiwa. Nyimbo zilipata mkono wa mtu wa kwao, mtunzi Kikuko Kanai, na ukitega sikio utasikia zimetoka udongo mwingine.

Sasa angalia jumuiya ya wanawake. Walielezwa kwamba katika demokrasia watu wote ni sawa. Wanamjia kapteni wakidai haki: ikiwa mwanamke mmoja ana rangi ya midomo, manukato na mafunzo ya kupendeza, wote wapewe, na huyo mmoja awafundishe. Baadaye wanakijiji wanaamua kwa kura nyingi kwamba mbao na saruji zilizotengwa kwa shule zijenge nyumba ya chai. Fisby anapinga, nao wanamrudishia somo lake neno kwa neno. Hapa safu ya kwanza ya daftari lako inageuka mtego: afisa amesema alichokusudia, kimetafsiriwa vizuri kabisa, na bado matokeo siyo aliyoyataka.

Kama mnahitaji mapumziko, simamisheni baada ya uamuzi huo wa kujenga. Hadithi inabadili mwelekeo hapo.

Hatua ya saba: fuatilia fedha

Hatua hii ni fupi, ila watazamaji wengi huizembea kwa sababu haina vicheko vingi. Fisby anataka kijiji kijitegemee, anawahimiza wauze kazi za mikono: vikombe vya mti vilivyopakwa utomvu unaong'aa, vizimba vya nyenje, viatu vya mbao mfano wa mitalawanda. Wanarudi kutoka sokoni vichwa chini. Mafundi waliorithi kazi hiyo kwa babu zao wamegundua kwamba mnunuzi wa sasa anapima kikombe kwa bei ya kiwandani. Huzuni ya fundi mzee wa vikombe ndiyo dakika pekee ambayo filamu inaacha kuchekesha na kuvumilia kimya, nami nakushauri usiijaze maelezo, iache ipite.

Wanaamua kwenda kulewa, na ndipo Fisby anapogundua kwamba wana pombe kali ya viazi vitamu, mshirika wa gongo na chang'aa. Inaonjeshwa kwa mbuzi kwanza. Mbuzi anabaki hai, kapteni ananyanyua simu, na klabu za maofisa zinaanza kugombania mapipa. Kumbuka hapa kwamba kinywaji halisi cha Okinawa ni awamori, kinachopikwa kwa mchele, ingawa viazi vitamu vyenyewe ni vya heshima kisiwani: viliingia kutoka China mwaka 1605 na vikawaokoa watu wengi na njaa kabla ya kuenea Satsuma na kwingineko Japani. Katika daftari andika hivi: jeshi halikutaka sanaa ya kijiji, lilitaka pombe yake, na likailipia kwa fedha lililokataa kuzitumia kwa vikombe.

Hatua ya nane: tazama maofisa wakigeuzwa, kisha mwisho wenyewe

Purdy anashuku kwamba Fisby amerukwa na akili, anamtuma Kapteni McLean, daktari wa magonjwa ya akili, amchunguze. Eddie Albert anamwigiza McLean kama mtu aliyebeba maisha yake yote hamu ya kilimo bila kupewa shamba. Siku chache tu Tobiki, daktari anajadili mbolea ya asili na mbegu, naye Fisby anatembea kwa joho la kuogea, kofia ya majani na viatu vya mbao. Mabadiliko haya ni ya kuchekesha, lakini uliza ni ya nani: filamu nzima tunaona Wamarekani wawili wakiponywa na kijiji, wala hatuoni mwanakijiji yeyote akiwa na tatizo lake la moyoni, isipokuwa Lotus Blossom anayetaka kuolewa na Fisby na kwenda Amerika. Fisby anamkataa kwa upole, na filamu inaharakisha kupita. Ni vyema kundi lako lijue kwamba mwaka 1956 majimbo kadhaa ya Marekani yalikuwa bado yanakataza kwa sheria ndoa kati ya watu weupe na wengine, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilifuta sheria hizo mwaka 1967.

Purdy anaingia usiku wa ufunguzi wa nyumba ya chai, anaamuru yote yavunjwe na kutishia mahakama ya kijeshi. Kisha habari zinatoka Washington kwamba Tobiki imesifiwa kama mfano wa maendeleo, na wageni wanakuja kuiona. Kanali anachanganyikiwa. Ndipo Sakini anapofichua kwamba wanakijiji walitii amri kwa namna yao: mitambo imefichwa, na nyumba ya chai ilifunguliwa vipande vipande badala ya kubomolewa. Inasimamishwa tena mbele ya macho yetu. Hili ndilo tukio la mwisho la daftari, na linafunga duara na lile la jipu: amri imetekelezwa, mamlaka imeridhika, kijiji kimebaki na mali yake.

Hatua ya tisa: uzungumzie uso wa Brando bila kuukwepa

Usiliweke jambo hili mwanzoni, kwani mazungumzo yataishia hapo, wala usilikwepe. Brando alijifunza matamshi na mienendo kwa wiki nyingi, akakaa kwenye kiti cha vipodozi kila siku, na alikuwa na huruma ya kweli kwa watu aliowaigiza. Bado matokeo ni uso uliobandikwa, mgongo uliopinda na Kiingereza cha kuvunjika kilichokusudiwa kupendwa. Desturi ya Hollywood ya enzi hizo iliwapa waigizaji weupe nafasi kuu za Kiasia, na jukwaani Sakini alikuwa David Wayne, mweupe pia. Njia nzuri ya kulijadili ni kumweka Brando kando ya Kyō katika onyesho moja na kuzima sauti. Mmoja anaonekana kufanya kazi kubwa. Mwingine yupo tu, na macho yanakwenda kwake.

Mtu kundini anaweza kusema kwamba Sakini ndiye mwerevu kuliko wote, kwa hiyo filamu inamheshimu. Mwache aseme, kisha muulize werevu huo unafanya kazi gani. Jibu langu, ambalo hulazimiki kulikubali, ni kwamba unamfariji mtazamaji wa Marekani: ikiwa mtawaliwa ni mjanja kiasi hiki na mcheshi kiasi hiki, utawala haujamwumiza.

Hatua ya kumi: weka mwaka 1956 kando ya filamu

Malizia kwa jambo ambalo haliko kwenye skrini. Mwaka 1953 utawala wa Marekani ulitoa amri iliyouwezesha kuchukua ardhi ya wakulima wa Okinawa kwa kambi zake, na mwaka 1955, katika kisiwa cha Iejima na vijiji kama Isahama, askari wenye silaha waliwaondoa wakulima huku matingatinga yakisawazisha nyumba. Wakulima wa Iejima walizunguka Okinawa wakiomba msaada wazi wazi na kueleza yaliyowapata. Mwezi Juni 1956 kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Melvin Price ilipendekeza ardhi hiyo ichukuliwe kwa malipo ya mkupuo, na watu wakajitokeza kisiwa kizima kupinga. Wiki chache kabla ya hapo kamera za MGM zilikuwa Nara, zikipiga picha ya kijiji ambacho tatizo lake kubwa na jeshi ni mahali pa kunywea chai. Hadi leo mkoa wa Okinawa, wenye takriban asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, unabeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na jeshi la Marekani pekee nchini humo.

Waeleze wenzako hayo kwa dakika tano, bila hotuba. Kisha rudisha filamu mwanzo kabisa, wachezee tena yale maneno ya Sakini kuhusu bahati ya kuletewa ustaarabu nyumbani, na usikilize kama ukumbi utacheka mahali pale pale ulipocheka mara ya kwanza.